Upepo Katika Wimbo wa Mzee Nestori

Kibondo, 3 Machi 2013

Shangazi yangu Zuhra,

Shikamoo, na shikamoo ya pili nimpe Mzee Omary. Huku tupo. Mama anakusalimu sana. Goti lake bado linamsumbua lakini shambani haachi kwenda, ingawa mihogo mwaka huu imeshikwa na ugonjwa, majani yamejikunja yote, na anayoing'oa haijazi hata ungo. Babu anakohoa tangu Noeli. Dawa anakunywa akitaka.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani anayo mama, na babu hukaa ubavuni mwake. Ikilia anauliza ni nani. Basi barua zangu nitampa kondakta wa basi, na wewe ukijibu mpe huyohuyo.

Nilichotaka kukuambia ni hiki. Ile kwaya yetu ilikwenda kurekodi kwenye studio moja, tukaimba siku nzima mpaka sauti zikakauka, na mpaka leo CD hatujaiona. Mwenye studio hapokei simu. Wenzangu wamekata tamaa, wawili wameacha kuimba kabisa. Mimi toka nimalize shule nimekaa tu hapa natengeneza redio za watu, na nimeona nikikaa hivihivi nitazeeka nikiwa na bisibisi mkononi. Nataka kuunda kompyuta yangu mwenyewe ya kurekodia. Mpya sitaiweza milele, lakini nimesoma kwamba mtu anaweza kuunganisha vipande vya zilizokufa na ikawaka. Kibodi ninayo, na kioo kile kizito cha kizamani nimepewa parokiani. Sina kasha, sina madabodi, sina ramu, feni, hadidiski wala pawasaplai. Kwa kifupi sina kompyuta. Mzee Omary anauza redio na vitu vya mitumba, nikasema labda huko kwake kuna mabaki.

Kuna jingine, sijui kama nafanya vizuri kukuambia. Babu ameteremsha inanga. Kile chombo chake cha ubao nimekiona ukutani toka nizaliwe, na sijawahi kumsikia akikipiga hata mara moja. Wiki iliyopita alikiteremsha, akafuta vumbi, akamtuma mama kwa mchinjaji akamletee kano za ng'ombe. Sasa anasokota nyuzi. Ukimuuliza kwa nini, anasema mkono unamwasha.

Mtoto wa kaka yako,
Tharsisi


Kasulu, 2 Aprili 2013

Tharsisi mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka mafuta ya taa, sijui huyo kondakta anaziweka wapi. Sisi wazima. Mzee wako Omary anapiga chafya kwa vumbi la mitumba na hospitali hataki kwenda, kama kawaida yao wanaume. Mvua imeharibu barabara ya Kagerankanda, mahindi hayaingii sokoni, na wanawake wa hapa mtaani kila mmoja ana hasira na mwenzake. Mwambie mama yako goti alipake mafuta ya moto, asinisumbulie.

Umeniita Zuhra mwanzoni mwa barua, nikacheka peke yangu dukani. Katika nyumba hiyo jina hilo halijapata kuandikwa. Huko mimi ni Maximilla, au nilikuwa.

Mzee Omary amepata kompyuta mbili zilizotupwa na ofisi moja. Anasema moja imekufa moyo na nyingine imekufa macho, ukichukua huku na huku utapata moja nzima. Amezifunga kwenye gunia katikati ya makoti ili zisigongane. Makoti mpe mama yako.

Hapo ndipo nilipotaka kufunga barua, lakini sikuweza kuifunga. Umeniambia habari ya inanga kama mtu anayesimulia habari ya mbuzi, kwa sababu hujui. Acha nikuambie.

Nilipoolewa na Omary na kusilimu, baba hakugomba. Nilikwenda na mume wangu kuwasalimia wote, na majirani wakaja. Baba akachukua inanga akapiga wimbo wake wa nyumbani. Wimbo huo anataja watoto wake kwa zamu kuanzia mkubwa. Alimtaja marehemu baba yako, Pasikali. Akamtaja yule mdogo wake aliyekufa, ambaye wewe umerithi jina lake. Ilipofika zamu yangu akapita. Akamalizia wimbo kama vile sikuzaliwa. Majirani wakapiga makofi, maana hawakujua kilichotokea. Mimi nilijua. Kisha akaitundika inanga ukutani akaniambia, "Nitakapokuita utakuja." Wewe ulikuwa hujazaliwa. Hajaniita mpaka leo.

Mwanangu, mimi sikujaliwa mtoto. Hakuna wimbo mwingine utakaonitaja. Kama baba anasokota nyuzi mpya, atapiga huo, maana hana mwingine. Nataka kujua kama nimo au simo, hilo tu. Iunde hiyo kompyuta yako unirekodie, na usimwambie ni mimi niliyeomba.

Shangazi yako anayekungoja


Kibondo, 19 Juni 2013

Shangazi,

Shikamoo. Makoti mama ameyapokea, moja analivaa mpaka kanisani. Babu kikohozi kimezidi kidogo. Watu wa huku wengi wamehamia Kakonko kutafuta vibarua kwenye majengo ya wilaya mpya, hata waimba besi wetu wameondoka.

Imewaka. Ngoja nikueleze. Ramu za kompyuta zile mbili haziivani, nikiziweka pamoja inalia mlio mmoja mrefu na haifanyi kitu, basi nimebaki na moja. Feni ya kwanza ilikuwa imevunjika, nikaweka ya pili, nayo haikutosha kwenye nafasi yake, nikaifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Hadidiski iliyo hai ni moja tu na ni ndogo mno, ikimeza nyimbo chache imeshiba. Maiki ni ile mbovu ya harusini niliyoitengeneza, nimeitundika kwenye mpini wa ufagio. Umeme ukikatika kabla sijahifadhi, kazi yote imepotea, na umeme wa hapa unaujua. Lakini inarekodi. Nimemrekodi mama akiimba, nakutumia CD usikie.

Ilipowaka mara ya kwanza babu alikuja na fimbo yake akaikagua pande zote, akauliza inakula nini. Halafu akauliza gunia lilitoka wapi. Nikasema kwa rafiki, Kasulu. Akasema, "Kasulu nina mtu mmoja tu." Akaenda zake kulala.

Kwa hiyo nadhani anajua. Nimemwomba anipigie inanga nirekodi. Hakukataa wala hakukubali, amesema kwanza kikohozi kimpe nafasi. Mimi ningependa iwe mapema. Anapotembea sasa hivi anashika ukuta.

Wako mtiifu,
Tharsisi


Kasulu, 30 Julai 2013

Mwanangu,

Marahaba. Tumo kwenye mfungo, na mkono unaoandika barua hii una njaa, kwa hiyo nisamehe nikikusema. Nimeisikiliza CD. Mama yako anaimba kama zamani, ila nimemsikia kwa mbali sana, maana amesimama ndani ya mashine ya kusaga. Hiyo feni yako, Tharsisi. Mzee Omary aliuliza kama kwaya imerekodiwa kinuni. Mteja mmoja alidhani redio yetu imeungua.

Kwa mama yako tunacheka. Kwa baba sitacheka. Nakutumia waya mrefu wa maiki, uiweke kompyuta chumba kingine na ufunge mlango. Na kadi ya sauti iliyotoka kwenye mashine nyingine, labda itakuwa safi zaidi. Halafu fundi mmoja hapa amemwambia Mzee Omary kwamba siku hizi kuna programu ya kufuta makelele baada ya kurekodi. Itafute. Isafishe vizuri, usiache upepo, usiache feni, usiache kitu chochote kisichokuwa baba. Nataka nikiiwasha nimsikie yeye tu.

Mzee Omary amesema tukodi gari twende tukamwone kabla mambo hayajaharibika. Nimekataa. Baba alisema ataniita, na mimi nikienda bila kuitwa nitakuwa mwizi katika uwanja niliozaliwa. Mwambie mama yako ampikie uji wa ulezi. Mtama hapendi, anakula kwa adabu tu.

Nawaombea wote wa nyumba hiyo,
Shangazi yako


Kibondo, 6 Oktoba 2013

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama mzima. Uji wa ulezi babu anakunywa, ila mwingi anauacha. Siku hizi hatoki nje ila akibebwa.

Nimefanikiwa. Jumapili watu wakiwa misani aliniita akasema nilete "hicho chombo." Nikaweka maiki mbele yake, waya nikaupitisha chini ya mlango mpaka chumba cha pili kwenye kompyuta. Alituambia tutoke wote, hata mama, na mlango ufungwe. Mimi nilikuwa upande wa pili na hedifoni masikioni, naangalia kwenye kioo mistari ikipanda na kushuka, naomba Mungu umeme usikatike. Haukukatika.

Shangazi, anapiga vizuri sana. Sikujua. Vidole vya mtu asiyeweza kushika kikombe, lakini nyuzi zinatembea. Ila hakuimba. Nadhani sauti imemwisha. Toka mwanzo mpaka mwisho kulikuwa na upepo mwingi kwenye maiki, yeye akihema, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi, na feni nayo kwa mbali. Ile programu nimeipata. Inafanya hivi: unachagua kipande chenye makelele matupu, unaionyesha, kisha unaiambia sauti yoyote ya namna hii iiondoe kila mahali. Pale mwanzoni, kabla hajagusa nyuzi, alihema peke yake kwa muda mzuri tu, ule upepo mtupu. Nikachagua kipande hicho. Shangazi, imetoka safi kabisa. Kila uzi unausikia ulipoguswa, utadhani uko ndani ya ubao wa inanga. Nilipoimaliza nilijisikia kwa mara ya kwanza kwamba mimi ni fundi.

Diski ilikuwa imejaa, kwa hiyo ile chafu nimeifuta na kuhifadhi hii. Kwaya nao wamerudi, wanataka kurekodi za Noeli.

Nilipofungua mlango babu alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtoka. Akasema, "Maneno yangu yamekwisha. Mpelekee." Sikuelewa ni maneno gani, maana hakusema lolote. Lakini amesema mpelekee, na hakuna mtu mwingine anayeweza kuwa, ni wewe tu. Nimefurahi sana kwa ajili yako.

Fundi wako,
Tharsisi


Kasulu, 21 Oktoba 2013

Tharsisi,

Hatujambo.

CD imefika jana. Mzee Omary alifunga duka mchana kweupe, akaniwekea, akatoka nje ili niwe peke yangu. Nilisikiliza mpaka mwisho. Nikarudia. Nikasogeza sikio mpaka kwenye spika. Nilisubiri na hakuna kilichokuja.

Inanga ya baba haiimbiwi kwa sauti. Anayeipiga ananong'ona, kwetu tunasema kwongorera. Mdomo unatoa pumzi yenye maneno, na nyuzi ndizo zinazoipa sauti. Aliyekaa karibu anasikia kila neno kana kwamba ubao ndio unaosema. Aliyekaa mbali anasikia nyuzi tu, ndiyo maana wale majirani walipiga makofi. Na huanza kwa pumzi peke yake kabla hajagusa uzi. Hapo anawaita watoto waje wasikilize.

Ule upepo ndio wimbo, Tharsisi. Ulimchukua baba yangu ukamwonyesha kwa mashine, ukaiambia imtoe kila mahali alipo.

Sikukuambia kwa sababu haikunijia kichwani kwamba kuna mtu wa damu ya Mzee Nestori asiyelijua hilo. Nilisahau kwamba inanga ilitundikwa kabla hujazaliwa, na kwamba ilitundikwa kwa ajili yangu. Na mimi ndiye niliyekuandikia usiache upepo. Kila nikilifikiria hilo natamani kuung'ata mkono wangu.

Sikulaumu. Nakuomba. Kama ile ya mwanzo iko mahali popote, itafute. Kama haiko, nenda kwa baba ukapige magoti, umwambie ukweli, umwombe anipigie tena hata nusu. Kama mikono haiwezi, anong'one tu bila inanga. Na kama hata hilo haliwezekani, muulize swali moja: Maximilla yumo? Atikise kichwa. Nenda leo, mwanangu. Usiifunge barua hii ukaiweka mpaka kesho.

Z.


Kibondo, 16 Februari 2014

Shangazi,

Shikamoo. Poleni na sisi tumeshapoa. Mama anaendelea vizuri kiasi. Mihogo tumeing'oa yote na kupanda viazi.

Najua mama alipiga simu siku babu alipofariki, na Mzee Omary ndiye aliyepokea. Tulikungoja. Tulichelewesha mazishi mpaka padri akaanza kuangalia saa. Mama alitandika mkeka wa mabinti karibu na mlango, ukabaki mtupu, na watu waliupita pembeni bila kuukanyaga.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na kitu mkononi. Nilijaribu mwenyewe programu za kurudisha vilivyofutwa, zikanirudishia picha za watu wa ile ofisi ambao siwajui, wakikata keki. Nikasikia kuna fundi Kakonko. Nikaichomoa diski, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaenda nayo. Akaniuliza kama nilirekodi kitu kingine baada ya kufuta. Nikasema kwaya, nyimbo za Noeli. Akanirudishia diski yangu bila kuifungua. Akasema kwaya imekaa juu yake.

Kompyuta nimeifunika kwa gunia. Watu wakija na redio zao nawaambia siku hizi sitengenezi. Mama ananiuliza nina nini, namwambia homa.

Kuondoa tanga tumepanga Agosti, baada ya mavuno. Njoo, shangazi. Mkeka utatandikwa tena. Hakuna atakayekuuliza kitu.

Tharsisi


Kasulu, 9 Machi 2014

Tharsisi,

Marahaba. Sisi wazima.

Mazishini sikuja kwa sababu sikujua ningekaa wapi. Kama baba alinirudisha katika wimbo wake, mimi ni binti yake, na nina haki ya kukaa kwenye huo mkeka na kulia mpaka nichoke. Kama alinipita tena, basi nikija nitakuwa mke wa mfanyabiashara wa Kasulu aliyekuja kutoa pole. Siwezi kukaa kwenye mkeka wa mabinti kwa kubahatisha. Hilo la Agosti nalo liko hivyohivyo.

Kondakta aliniambia barua yangu ya Oktoba alikupa mkononi kesho yake. Baba amekufa zaidi ya wiki mbili baadaye. Sikuulizi wiki hizo ulizifanyia nini.

Nakuuliza hili tu. Ulikuwa na hedifoni masikioni. Wewe ndiye mtu pekee duniani uliyeusikia wimbo ule kabla haujafutwa. Ulisikia jina langu? Niandikie ndiyo au hapana. Usiongeze kitu.

Z.


Kibondo, 11 Julai 2014

Shangazi,

Shikamoo. Najua mmefunga, Mungu awapokelee. Mama anakuulizia kila juma.

Umesema nisiongeze kitu, lakini siwezi. Barua yako ya Oktoba niliisomea hukohuko stendi. Nilirudi nyumbani nikakaa mlangoni kwa babu. Nilikaa hapo kila siku na barua mfukoni. Alikuwa bado anasema, kwa shida, lakini anasema. Siku moja akafumbua macho akaniuliza, "Amesemaje?" Nilijua anakuulizia wewe. Nilimwangalia alivyokonda, nikafikiria kumwambia kwamba sauti yake nimeifuta mimi, na kwamba inabidi aamke apige tena. Sikuweza. Nikamwambia umesikia yote, na umefurahi. Akasema, "Haya." Akageukia ukutani. Baada ya hapo hakuuliza tena, na mimi sikuwa na la kumuuliza, maana nilikuwa nimeshamwambia umesikia. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia, mpaka ikawa asubuhi hakuna wa kumwambia.

Sasa swali lako. Nimekaa miezi hii nikijaribu kukumbuka, nimefunga macho, nimekwenda mpaka kukaa kwenye chumba kilekile. Na jibu ni ndiyo. Nilisikia. Karibu na mwisho, baada ya baba yangu kutajwa, katikati ya ule upepo alisema Maximilla. Alilisema mara mbili, taratibu. Wakati ule sikutilia maanani kwa sababu nilikuwa naangalia kioo, lakini sasa nina uhakika. Maximilla.

Njoo Agosti, shangazi. Mkeka ni wako.

Mtoto wako,
Tharsisi


Kasulu, 5 Agosti 2014

Tharsisi mwanangu,

Marahaba. Idi imepita salama. Mzee Omary alinunua kitambaa cheusi cha kuondolea tanga siku barua yako ilipofika, kabla hajanisikia nikiisoma mpaka mwisho. Kiko kabatini. Msalimie mama yako, mwambie asitandike mkeka kwa ajili yangu.

Maximilla ni jina la padri. Katika wimbo ule baba hakumwita mtoto yeyote kwa jina la ubatizo. Baba yako humo ndani hakuwa Pasikali, na yule mdogo wake hakuwa Tharsisi. Kila alipozaliwa mmoja wetu, baba alitunga jina akaliweka humo, na halikutumika mahali pengine, hata kutuitia uji. Nilipokuandikia umuulize baba kama Maximilla yumo, nilikuandikia jina ambalo wewe ungelijua.

Sijakukasirikia kwa kusema uongo. Umeniongopea kama ulivyomwongopea baba, kwa sababu huwezi kumwona mtu akiumia. Lakini tazama ulichonifanyia. Katika barua ileile umeniambia kwamba baba aliniulizia, kwamba alifumbua macho akasema "Amesemaje?" Hilo lingenitosha. Ningelishika hilo nikaja Agosti, nikakaa, nikalia. Sasa silishiki, maana limeandikwa na mkono uleule, kwa wino uleule, mistari michache juu ya Maximilla. Nimelisoma mara nyingi nikijaribu kulitenganisha na lile jingine, na halitengani.

Usiifunike kompyuta yako. Warekodie kwaya. Ila usiniandikie tena kuhusu ulichosikia.

Utataka kujua hilo jina lilikuwa lipi. Nimekaa na kalamu kitambo nikitaka kuliandika, maana nikifa litakwenda nami na hakuna mtu mwingine anayelijua. Sitaliandika, Tharsisi. Ukilijua utaniambia ndilo ulilolisikia, na mimi nitakuamini.

Shangazi yako